Kinachoupindisha Mpira ni Kitambaa

Sauti ya kitambaa kinachochanika haifanani na sauti nyingine yoyote, na mtu aliyekaa nyuma ya cherehani kwa miaka kumi na tisa huitambua hata akiwa amesinzia. Ndiyo maana jioni ile, nilipoinua kitako cha fimbo juu ya bega na kuishusha kwa nguvu kwenye mpira mweupe wa pool, sikuhitaji kuinama ili kujua nilichokuwa nimekifanya. Mpira uliruka ukingo wa meza, ukabingirika sakafuni hadi chini ya benchi la wacheza karata, na pale ulipokuwa umekaa pakabaki mchaniko wenye umbo la herufi L, usiozidi urefu wa kidole gumba. Mama mwenye meza, aliyekuwa akikaanga mihogo mlangoni, aliingia na kijiko cha kuepulia mkononi, akaitazama meza, kisha akanitazama mimi.

"Fundi," akasema kwa upole ulionitisha kuliko matusi, "mie nikikuletea gauni ukalichana, utanilipa au hutanilipa?"

Nililipa. Isitoshe, nilikwenda dukani kwangu nikakata kipande cha kile kitambaa chembamba chenye gundi tunachokitia ndani ya kola, nikakipenyeza chini ya mchaniko na kukibandika kwa ncha ya pasi, huku nikizikutanisha nyuzi za pande mbili kwa sindano kabla gundi haijashika. Kiraka kile kilidumu karibu mwaka mzima, na ninathubutu kusema kwamba kilikuwa kazi nzuri kuliko pigo lililokisababisha.

Nilikuwa najaribu kuupinda mpira. Kwa asiyecheza pool, nieleze kwa ufupi shida yenyewe. Kwenye meza tunayochezea hapa Ngamiani, Tanga, mmoja hucheza mipira yenye rangi tupu na mwingine yenye milia, saba kwa saba, na aliyemaliza yake ndiye mwenye ruhusa ya kuutumbukiza mweusi. Mpira mweupe ndio pekee unaopigwa kwa fimbo, na ni lazima uguse kwanza mpira wa yule anayepiga. Mpinzani mjanja asiyekuwa na cha kutumbukiza hajitaabishi. Huuegesha mpira mweupe nyuma ya mmojawapo wa mipira yake, ili kati yako na mpira wako pawe na kizuizi. Hapo unaweza kuupigisha mpira ukingoni ili urudi kwa upande wa pili, au ukubali kosa na kumwachia mwenzako mapigo mawili. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuutoa mpira mweupe kando ya kizuizi na kuufanya ukate kona katikati ya meza, mahali pasipo na ukingo wala kitu cha kuugonga. Anayeliona pigo hilo kwa mara ya kwanza hudhani ametazama vibaya.

Mimi nililiona kwa kijana wa bajaji ambaye umri wake ni nusu ya wangu. Alikuwa akiegesha bajaji yake chini ya mwarobaini, akitumbukiza sarafu ya shilingi 200, ile yenye picha ya Mzee Karume, na kucheza huku sikio moja likisubiri abiria. (Nafahamu kwamba viongozi wa serikali wamewahi kuupiga marufuku mchezo huu saa za kazi, na kwa upande wa kijana huyo sina utetezi; mimi nilikuwa nikicheza baada ya magharibi, nguo za watu zikiwa zimekwisha kupigwa pasi, au karibu zote.) Nilipomwomba anifundishe alicheka, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba jambo kama hilo.

"We zungusha mkono tu wakati unapiga, Fundi," aliniambia. "Kama unafungua kitasa. Utaona unarudi wenyewe."

Nilizungusha mkono kwa miezi mitatu. Mpira haukupinda hata mara moja, isipokuwa siku ambazo meza yenyewe ilikuwa imeinama kwa sababu mtu ameondoa kipande cha ubao kilichowekwa chini ya mguu mmoja. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ncha ya fimbo hugusana na mpira kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, muda ambao kiganja cha binadamu hakiwezi kufanya lolote la maana. Kabla mkono haujazunguka upana wa unywele, mpira umekwisha kuondoka. Kijana hakunidanganya. Mkono wake ulizunguka kweli, kama ulimi wangu unavyochungulia nje ninapotunga uzi kwenye sindano, lakini uzi hauingii tunduni kwa sababu ya ulimi.

Kosa la pili nililofanya lilikuwa la kufikiri kwamba kuugonga mpira pembeni kunatosha. Ukiilaza fimbo sawasawa na meza na kuugonga mpira mweupe upande wa kulia, kweli utazunguka, lakini utazunguka kama pia, juu ya nukta moja, huku ukienda karibu katika mstari ulionyooka. Mzunguko huo hauonekani hadi mpira ufike ukingoni, ambako huurusha kwa pembe usiyoitarajia. Watu wengi pale kijiweni hulitumia pigo hilo kwa ustadi mkubwa na huamini kwamba wanaupinda mpira. Hawaupindi.

Ili mpira upinde, ni lazima kitako cha fimbo kiinuliwe. Unapoupiga mpira pembeni na wakati huohuo kutoka juu kwenda chini, mhimili wa mzunguko wake huinama. Mpira sasa hauzunguki kama pia iliyosimama wima, unazunguka kama pia iliyolala upande, na sehemu yake ya chini inayogusa meza inakisugua kitambaa kwa kukisukuma ubavuni. Kitambaa nacho kinajibu kwa kuusukuma mpira upande wa pili. Kazi ya fimbo inakwisha katika ile sehemu ya elfu ya sekunde; yote yanayofuata ni mazungumzo ya mpira na kitambaa.

Haya hayakunijia kwenye meza ya pool, ambako mama alikuwa amenikataza kabisa kuinua fimbo. Yalinijia dukani. Nina meza ya kupigia pasi, ndefu, iliyofunikwa blanketi zito la buluu, na siku moja nilinunua kwa mtu mpira mmoja mkuukuu, ule wa zambarau wenye namba 4, ambao ulikuwa umemeguka kidogo na haufai tena mchezoni. Nikapata na fimbo iliyovunjika, nikaikata ikabaki na urefu wa mkono wangu na nusu, nikailainisha ncha yake ya ngozi kwa msasa hadi ikawa na mviringo wa ukingo wa sarafu. Ncha bapa, kama zile za fimbo nyingi za vijiweni ambazo zimebandikwa upya mara tano, huteleza pembeni mwa mpira badala ya kuung'ata. Kwa bahati nilikuwa nimefanya sahihi bila kujua: wanaopiga mapigo makali ya aina hii, ambayo Wafaransa huyaita massé, hutumia fimbo maalumu iliyo fupi na nzito kuliko ya kawaida. Ngozi yenyewe ya kwenye ncha ina historia yake. Inahusishwa na kapteni mmoja wa jeshi la Ufaransa, François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19, na husimuliwa kwamba aliifikia akiwa kifungoni, mahali palipokuwa na meza ya biliadi, mchezo wa mipira na fimbo ulio ndugu wa pool. Kabla ya hapo fimbo ilikuwa mti mtupu, na kwa mti mtupu mzunguko wa namna hii ni shida kuupata.

Juu ya blanketi mpira ulipinda siku ya kwanza. Ulipinda mno, ukadondoka mezani na kuvunja sahani ya pini. Nilichukua chaki ya fundi, ile bapa tunayochorea vipimo, nikaupaka mpira unga wake, nikapiga tena, na kwenye blanketi la buluu ukabaki mstari mweupe hafifu wa njia yote uliyopita. Niliinama kuutazama kwa muda mrefu. Mstari ulianza kwa mkunjo na kuishia umenyooka, kama mkato wa kwapa la shati unavyokwenda kutoka chini ya mkono hadi begani. Nilikuwa nimedhani kwamba mpira unaopinda huendelea kupinda hadi usimame. Kumbe hupinda wakati unateleza tu. Mara mtelezo unapokwisha na mpira kuanza kubingirika sawasawa, msuguano hauna tena cha kuvuta, na mpira huenda moja kwa moja kama mpira mwingine wowote.

Usiku ule nilitafuta kwenye simu na kukuta kwamba mambo haya yalikwisha kuandikwa mwaka 1835 mjini Paris na Gaspard-Gustave de Coriolis, katika kitabu kizima kuhusu hesabu za biliadi. Alionyesha kwamba mpira unapoteleza, msuguano huuvuta kwa nguvu isiyobadilika na kuelekea upande mmoja usiobadilika, kama dunia inavyolivuta jiwe lililorushwa hewani. Kwa hiyo njia yake mezani ni parabola, umbo lilelile la njia ya jiwe, isipokuwa hili limelazwa. Jina hilo nilikuwa nimelisikia shuleni katika somo la jiografia, na sikuwa nimekosea. Ni yuleyule ambaye mwaka huohuo alitoa maandiko yaliyofanya jina lake lipewe ile nguvu inayoonekana kuupinda upepo kwa sababu ya kuzunguka kwa dunia, nguvu inayoufanya upepo wa kusi ugeuze uso wake ukishavuka ikweta na kuelekea Arabuni na Bara Hindi. Mtu wa pwani aliyelelewa kwa kusi na kaskazi hawezi kulipita jambo hilo kimya. Niseme tu kwamba nguvu ya dunia haina sehemu katika mpira wa pool. Meza ni ndogo mno na safari ni fupi mno.

Kilichonifaa zaidi katika hesabu za Coriolis ni kanuni moja ambayo fundi yeyote mwenye chaki anaweza kuitumia. Chukua nukta ambayo mpira mweupe umeikalia kwenye kitambaa. Kisha fikiria kwamba fimbo yako, jinsi ilivyoinama, imepita ndani ya mpira kama sindano ndefu na kuchoma kitambaa upande wa pili. Weka nukta pale ilipochoma. Mstari unaoziunganisha nukta hizo mbili ndio unaoonyesha upande ambao mpira utaelekea ukishamaliza kupinda. Upande unaoanzia ni ule fimbo inakoelekea. Upande unaoishia ni ule wa nukta mbili. Nilichora nukta hizo kwenye blanketi mara nyingi kiasi kwamba mteja mmoja aliuliza kama nimeanza kushona vitenge vya madoa.

Kanuni hiyo inaeleza kwa nini kiasi cha kuinua fimbo kina uzito kuliko nguvu ya mkono. Tuseme unaugonga mpira kando ya kitovu chake kwa umbali wa nusu ya nusukipenyo, ambao ndio karibu mwisho wa uvumilivu wa ncha kabla haijateleza. Ukiiinua fimbo digrii 30, mwelekeo wa mwisho wa mpira utatofautiana na wa mwanzo kwa digrii kama 16. Ukiiinua 45, tofauti ni karibu 27. Ukiiinua 60, ni karibu 41. Ukiendelea kuiinua na kuugonga mpira nyuma kidogo ya kitovu chake, hadi sindano ile ya kufikirika ichome nyuma ya nukta ya mpira, basi mpira utakwenda mbele, utasita, na kurudi ulikotoka. Nimeuona ukirudi hivyo juu ya blanketi. Sijawahi kuthubutu kuujaribu mezani.

Nguvu haibadilishi pembe hiyo. Hubadilisha mahali mkunjo unapotokea. Ukipiga kwa nguvu, mpira huteleza mbali kabla kitambaa hakijaumiliki, na mkunjo huchelewa. Ukipiga polepole, mkunjo huanza mapema. Hapa ndipo nilipokosa kwa muda mrefu kuliko kote, kwa sababu niliporudi kwenye meza halisi na ujuzi wangu wa blanketi, mpira uliokuwa ukikata kona ndani ya shubiri mbili sasa ulihitaji karibu nusu ya meza. Pembe ya mwisho ilikuwa ileile, lakini ilikuja wakati mpira umekwisha kupita pale nilipoutaka. Blanketi lina manyoya, linashika. Kitambaa cha meza kimefumwa kwa kubanwa na kutandikwa kwa kuvutwa sana juu ya jiwe, na kadiri kilivyovutwa ndivyo kinavyoshika kidogo.

Mama aliniruhusu kuinua tena fimbo kwa sharti kwamba nisiivushe usawa wa kifua changu, na nadhani sharti hilo ndilo lililonifundisha zaidi ya Coriolis. Fimbo ikiinuliwa kiasi hicho, pigo haliwi tena la mbwembwe. Huwa la kushona. Vidole vya mkono wa mbele husimama juu ya ncha zake mezani, vitatu vikishika meza na kidole gumba kikitengeneza njia ya fimbo, huku kiganja kikiwa hewani. Mkono wa nyuma huishika fimbo kama unavyoshika pasi unayojua kwamba ni ya moto. Pigo ni fupi na lenye haraka, na fimbo husimama mara inapogusa. Jioni ile ya mchaniko nilikuwa nimefanya kinyume cha haya yote: nilibana kwa ngumi, nikapiga kwa bega, na nikaiacha ncha iendelee kwenda baada ya mpira kuondoka. Ilikuwa inakwenda wapi, kama si kwenye kitambaa?

Niliendelea kujifunza tabia za kitambaa kile kama ninavyozijua tabia za khanga na za tetroni. Wakati wa masika, hewa ya Tanga ikiwa nzito kiasi kwamba chumvi haimiminiki mezani, kitambaa hunyonya unyevu na mpira hupinda mapema. Wakati wa kaskazi kavu huchelewa. Karibu na mashimo ya kati, ambako mikono yenye mafuta ya mihogo huegemea, kuna sehemu zinazonata. Kwenye mstari wa kuanzia mchezo, ambapo mpira mweupe umepigwa maelfu ya mara, nyuzi zimekwisha na kitambaa kimekuwa laini kama kiwiko cha koti la mzee. Hapo hata digrii 30 hazikupi kitu cha maana. Juu ya kiraka changu mwenyewe mpira uliruka kidogo, jambo ambalo wapinzani wangu walilikumbuka kila mara na mimi nilijifanya sijalisikia.

Kijana wa bajaji alikuja dukani siku moja kuchukua suruali yake, akazikuta nukta kwenye blanketi na kuuliza maana yake. Nilimweleza yote, sindano ya kufikirika, nukta mbili, mtelezo na mbingiriko. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akachukua ile fimbo fupi, akaupiga mpira namba 4 bila kuangalia nukta yoyote, na mpira ukaizunguka pasi yangu kwa upana wa kidole, ukaenda kusimama kwenye kona ya meza. "Sasa mie hapo nimepiga nukta gani?" aliuliza. Niliinama nikazipima alama za chaki. Zililingana na kanuni kwa kadiri jicho langu lilivyoweza kuona. Alifurahi sana, akaomba nimpunguzie bei ya suruali.

Pigo langu la kwanza lililokamilika mbele za watu lilikuwa dogo. Mpira wangu wa mwisho wa milia ulikuwa umesimama kwenye mdomo wa shimo la kona, na kati yangu na huo palikuwa na mpira wa mpinzani uliouziba kwa nusu tu. Hapakuhitajika zaidi ya fimbo iliyoinuliwa digrii kama 20, upande wa kushoto wa mpira mweupe, na mkono mtulivu. Mpira ulitoka kulia kidogo, ukakipita kizuizi bila kukigusa, kisha ukaingia kushoto kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Mpira wa milia ulidondoka. Wacheza karata hawakuinua vichwa. Nilipiga mweusi nikaukosa kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, na nikashindwa mchezo.

Mwezi uliopita mama aliamua kubadilisha kitambaa chote, akaniita mimi niifanye kazi hiyo pamoja na fundi wa meza, kwa kuwa, alisema, deni la kukichana kile cha kwanza halijaisha moyoni mwake. Tuliondoa kingo, tukakibandua kitambaa cha zamani pamoja na kiraka changu, tukafuta jiwe hadi likawa kama kioo. Nilikivuta kitambaa kipya kwa mikono yangu, nikikipapasa kuhakikisha kwamba nyuzi zimekwenda sawa na urefu wa meza, na kilipokazwa kilikuwa kikilia kidogo nikikigonga kwa ukucha. Sijawahi kushika kitambaa kizuri kama kile.

Jioni watu walijaa. Kijana wa bajaji alinikaribisha kufungua meza, na katikati ya mchezo akanizibia mpira kwa makusudi kabisa, huku akiniangalia. Nilihesabu nukta zangu. Niliinua fimbo hadi usawa wa kifua, si zaidi, nikapiga kama nilivyopiga mara mia juu ya kitambaa cha zamani. Mpira mweupe ulitoka kando ya kizuizi, ukateleza juu ya kitambaa kipya, ukaendelea kuteleza, na ulikuwa bado haujaanza kupinda vizuri ulipozama kwenye shimo la mbali.

"Fundi," kijana akasema, akinipokonya fimbo, "hiki umekivuta sana."

Nilitia mkono mfukoni kutafuta shilingi 200 nyingine.